Pipi ya Jumanne

Tangazo lilibandikwa ndani ya lifti, juu kidogo ya vitufe, mahali ambapo mtu hawezi kukwepa kulisoma. Severin alilikuta asubuhi akienda kazini, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, akili bado iko kitandani. Alidhani ni yale yale ya chumba cha kufulia, kwamba kuna mtu ameacha mashine chafu. Waswidi wa jengo lile hawakemeani kwa mdomo, wanabandikiana karatasi. Akaanza kusoma huku anafunga zipu ya koti, na kabla lifti haijafika chini mkono ulikuwa umesimama katikati ya kifua.

Karatasi ilisema: Mwanamume mmoja amempa mtoto pipi humu jengoni na kumwambia asimwambie mama yake. Zungumzeni na watoto wenu. Anayejua lolote apige simu. Chini palikuwa na jina, Annika, na namba.

Lifti ilifika chini, mlango ukafunguka, Severin hakutoka. Mlango ukajifunga, na mtu wa juu akaiita lifti, ikampandisha tena hadi ghorofa ya sita pamoja na karatasi yake. Mwanamke aliyeingia na mbwa alimsalimia. Severin hakuweza kuitikia, kwa sababu mwanamume wa kwenye tangazo alikuwa yeye.

Sasa usimdhanie mabaya kabla hujamjua. Huyu ni Severin wa Kamachumu, Bukoba, aliyekuja Stockholm kijana mwenye shingo nyembamba kujifunza kuchomelea vyuma, kiwanda kikafungwa, akahamia kwenye tanuri la mikate, mgongo ukakataa, na hatimaye akatua jikoni kwenye shule moja huko huko Skärholmen anakoishi. Anaosha masufuria makubwa, anakoroga uji, anawapakulia watoto viazi. Mvi zimeshamvamia, binti yake Queen ameshaolewa, na mke wake Getrude anahudumia wazee majumbani mwao. Mtu wa kawaida kabisa, isipokuwa kwa jambo moja: ana maoni kuhusu pipi, na hajui kuyanyamazia.

Kwake yeye pipi ni mnanaa, na zilizobaki ni kupoteza sukari. Imani hiyo ilianzia kwa shangazi yake Brigitha, aliyekuwa na pipi kifua zimefungwa kwenye pindo la kanga siku zote za maisha yake. Mtoto akipita na kumwamkia vizuri, shangazi alifungua pindo. Hakuuliza ni mtoto wa nani. Kisha alikunja uso kwa utani na kusema, "Usimwambie mama yako, atasema nakuozesha meno," na mama mwenyewe amesimama pale pale anasikia na anacheka. Severin alikua akiamini kwamba maneno hayo ni sehemu ya pipi, kama karatasi yake.

Huku Uswidi, Desemba ikifika, maoni yake yalichachamaa. Baada ya misa ya Kiswahili yeye na rafiki yake Urbain, Mkongo wa Bukavu anayeishi Hagsätra, walikuwa wakisimama mbele ya meza ya kahawa na kuhukumu. Ile pipi ya sirapu na krimu wanayoichemsha Waswidi na kuimimina kwenye vikombe vidogo vya karatasi, iitwayo knäck, Severin alisema ni kesi ya kumpeleka mtu kwa daktari wa meno, maana iliwahi kumng'oa kizibo cha jino mbele ya padri. Vile vijibaba vya Krismasi vya rangi ya waridi, laini, alisema ni sabuni iliyovalishwa kofia. Nguruwe wa unga wa lozi alimwonea huruma tu. Na ile nyeusi yenye chumvi hakuihesabu kabisa kuwa ni pipi. Urbain aliitetea hiyo nyeusi, akadai inamkumbusha dawa ya malaria ya utotoni na inamsafisha damu. Walibishana hadi wake zao wakawavuta makoti.

Lakini polkagris! Ile fimbo ya mnanaa yenye mistari myekundu na myeupe, hapo Severin alivua kofia. Alisema Waswidi wamekosea mengi mezani ila hapa walipatia. Haitafunwi, aliwafundisha watu, inaachwa iyeyuke yenyewe huku unavuta hewa kidogo ili baridi ishuke kifuani. Kila mwanzo wa Desemba alinunua mfuko mzima wa vipande vidogo, akavitia kwenye mfuko wa koti, na mfuko huo ukawa pindo lake la kanga.

Ndivyo ilivyokuwa Jumanne ile. Aliingia kwenye lifti akamkuta Tuva, binti mdogo wa ghorofa ya nne, darasa la pili hivi, peke yake, machozi yanamtoka kwa ajili ya glavu moja iliyopotea kwenye theluji. Severin hakuweza kumtazama mtoto analia huku mikono yake imekaa bure. Akatoa kipande cha polkagris. Mtoto alikitazama, akasema kwa huzuni kwamba leo si Jumamosi. Hapo ndipo penyewe, maana watoto wengi wa Kiswidi hula pipi siku ya Jumamosi tu, na Severin alilijua hilo vizuri, amelea wake humu humu. Akakunja uso kama shangazi yake, akamkonyeza, akasema kwa Kiswidi chake cha jikoni, "Basi usimwambie mama."

Tuva alicheka. Severin akateremka kwenye ghorofa ya tatu amefurahi, akala chakula cha jioni amefurahi.

Na sasa karatasi.

Siku ile ya tangazo aliunguza uji wa shule, jambo ambalo halijawahi kutokea. Jioni alimsubiri Getrude avue viatu, akamwambia yote amesimama, kama anayetoa taarifa ya msiba. Getrude alisikiliza huku viatu viko mkononi.

"Ulimwambia asimwambie mama yake?" aliuliza.

"Utani, mama Queen. Utani wa shangazi. Unaujua."

"Mimi naujua. Baba Queen, unafahamu kwamba hayo maneno, hayo hayo uliyoyasema, ndiyo watoto wa hapa wanafundishwa wayakimbie? Mtu mzima akikupa kitu na kukwambia usiseme nyumbani, kimbia. Wanafundishwa tangu chekechea. Na wewe unafanya kazi shuleni!"

"Mimi nafanya kazi jikoni."

"Jiko la wapi?"

Severin alikaa. Alikumbuka karatasi ya polisi aliyotakiwa kuleta siku alipoajiriwa, kuonyesha kwamba hana doa lolote. Aliiona ile karatasi ikiombwa tena, safari hii ikiwa na maneno. Hakuna shule inayomweka jikoni mtu wa maneno ya namna hiyo. Na kazi ingekuwa hasara ndogo. Jina je? Kanisani? Queen na wakwe zake? Huko nyumbani mtu akisikika ameiba, watu watasema njaa. Hili halina cha kusingizia.

"Nipande juu nikamweleze yule mama," alisema.

"Panda," alisema Getrude.

Hakupanda. Alisema atapanda kesho, na kesho yake akampigia simu Urbain, kosa ambalo mwoga yeyote hulifanya, kwenda kutafuta mwoga mwenzake.

"Mukubwa, usifungue kinywa," Urbain alisema kwa sauti ya chini, ingawa alikuwa peke yake Hagsätra na hakuna aliyemsikia. "Ukienda kule kusema ni mie, ile ni aveu, ni kukiri kosa. Umejifunga weye mwenyewe. Hapa mtoto ni wa Leta, wa serikali, hakuna mambo ya utani. Watauliza, ulipatia batoto wengine wangapi? Utajibu nini?"

Hilo Severin hakuwa amelifikiria. Aliwapa wangapi? Miaka yote hii, Desemba zote hizi, kwenye treni, kanisani, kwenye foleni ya duka, watoto wa watu asiowajua hata majina. Kila mtoto aliyewahi kumchekea alisimama mbele yake, na kila mmoja sasa alikuwa shahidi.

Kuanzia hapo aliishi kama panya. Aliacha lifti, akatumia ngazi, na kabla ya kutoka alisikiliza kwanza mlangoni, sikio kwenye ubao, pumzi ameibana. Pipi zilizokuwa mfukoni alikwenda kuzimwaga kwenye pipa la taka stesheni ya Skärholmen, halafu akainua macho akaiona kamera darini, inamtazama. Mtu mzima anatupa pipi kwa siri! Alitembea haraka, akapunguza mwendo asionekane anakimbia, akaongeza tena. Shuleni mtoto mmoja alimwomba kiazi cha ziada, Severin akampa bila kumtazama usoni, mtoto akamshangaa. Mkubwa wa jiko alipochungulia na kusema, "Severin, una dakika?" masufuria yalimponyoka. Mkubwa alitaka tu kujua kama zafarani ya mikate ya sikukuu ya Lusia itatosha.

Jioni moja alikutana nao uso kwa uso, Annika na Tuva, pale mlango mkubwa wa chini. Annika alikuwa amebeba mifuko, simu imebanwa begani. Alimtabasamia Severin akamshikilia mlango. Hakujua! Severin alimtazama mtoto. Tuva alimwona, akainamisha uso chini, akasogea nyuma ya koti la mama yake. Severin alipanda ngazi akiwa ameshika ukuta. Ananiogopa, alijisemea. Mtoto niliyemchekesha ananiogopa. Usiku huo aliiona namba ya simu ya tangazo hata alipofumba macho. Alikuwa ameisoma mara nyingi kiasi kwamba ilimkaa kichwani kuliko namba yake mwenyewe.

Utauliza kwa nini hakupanda ghorofa moja tu, agonge, aseme. Getrude naye alimuuliza hivyo, asubuhi na jioni, kwa upole kwanza, kisha bila upole. Lakini hofu ina hesabu zake. Kila siku aliyokaa kimya iliifanya ile ya kesho kuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa angeulizwa si kuhusu pipi tu, bali kuhusu ukimya wake.

Ikaja siku ya theluji kubwa. Shule ilifunga jiko mapema, na Severin alikuwa nyumbani alasiri, peke yake, kumeshakuwa giza kama ilivyo Desemba. Alikuwa dirishani na kikombe cha chai. Chini, mbele ya mlango mkubwa, chini ya taa, alikuwa amekaa mtoto juu ya begi lake la shule. Kofia ya kijani. Tuva.

Aliona mara moja kilichotokea. Mtoto alipapasa mifuko yote ya koti, akafungua begi, akalifunga. Hakuwa na ufunguo. Akatoa simu, akaibonyeza, akaitikisa, akairudisha. Simu ilikuwa imekufa kwa baridi. Kisha akaanza kuruka-ruka mahali pamoja, kujipasha moto.

Severin aliweka kikombe chini. Mtu atakuja, alijiambia. Watu wa jengo wanarudi kazini saa hizi. Akatoka akagonga mlango wa jirani wa mkono wa kulia, kimya. Wa kushoto, kimya. Akarudi dirishani. Treni labda zimesimama kwa theluji, maana hata barabarani hapakuwa na mtu. Alimpigia Getrude, simu ikaita hadi ikachoka. Na kichwani Urbain alikuwa akinong'ona bila kupumzika: wewe, mtoto yule yule, mlango umefungwa, giza, hakuna shahidi. Ukishuka umekwisha.

Alikaa kwenye kiti ili asione. Kisha akasimama kwa sababu kutoona kulikuwa kubaya zaidi.

Tuva alikuwa ameacha kuruka. Amekaa tena juu ya begi, magoti kifuani, hatikisiki. Theluji ilikuwa inamjaa kofiani na haikung'uti.

Severin amewahi kuona baridi ya nchi hii inavyofanya kazi. Mtu anayetetemeka bado yumo, anayetulia ndiye wa kuogopa. Hofu aliyokuwa nayo siku zote hizo haikuondoka, ilibadili tu mtu iliyemhusu, na ikawa kubwa mara mbili. Alivuta koti lake la zamani nyuma ya mlango, akaingia kwenye lifti ambayo hakuwa ameikanyaga tangu siku ile, na akashuka ana kwa ana na karatasi.

Alipofungua mlango mkubwa, mtoto aliinuka, akamwona ni nani, na akarudi nyuma. Hatua ile ya kurudi nyuma, kwenye theluji, ilimpiga Severin kifuani.

"Ingia ndani, Tuva," alisema. "Mimi naenda kule juu kwenye ngazi. Siji karibu. Unaona? Naenda."

Aliuzuia mlango kwa kiatu chake kimoja, akapanda ngazi nusu kwa soksi moja, akakaa, mikono juu ya magoti mahali inapoonekana. Mtoto aliingia. Alisimama kando ya bomba la joto ukutani, akaliegemea, meno yanagongana. Walitazamana. Severin alikuwa anatetemeka kuliko mtoto, na hakuwa amekaa nje.

Ndipo Tuva akamwonea huruma.

"Usiogope," alimwambia kwa sauti ndogo. "Sijasema kwamba ni wewe. Mama aliona karatasi ya pipi mfukoni mwangu, akauliza, akauliza tena, akalia. Nikasema tu mwanamume mmoja alinipa, akasema nisimwambie mama. Lakini ulisema nisimwambie. Kwa hiyo ni nani, sijamwambia."

Severin alihisi ngazi imeondoka chini yake. Siku zote hizo alikuwa akihesabu kitakachompata yeye, kazi, jina, kanisa, na hakuwahi kufikiria kwamba ghorofa moja juu ya kichwa chake kulikuwa na mama analia usiku, na mtoto amebeba siri ya mtu mzima kwa sababu mtu huyo alimchekesha. Mama wa kwenye utani wa shangazi alikuwa amesimama pale pale anasikia. Ndani ya lifti hapakuwa na mama. Tangazo lilikuwa limesema kweli tupu, kila neno.

"Mwambie," alisema. "Mwambie mama. Mambo yote, kila mara, hata nikikwambia mimi usiseme. Mimi nilikosea, Tuva. Nilikosea sana."

Akatoa simu akabonyeza ile namba, bila kuitafuta popote.

"Annika," alijibu mwanamke, na nyuma yake kelele za watu ndani ya treni.

"Naitwa Severin. Nakaa ghorofa ya tatu. Tuva alifungiwa nje, nimemwingiza hapa chini, yuko kwenye joto. Mimi niko kwenye ngazi, mbali naye." Sasa hivi angeweza kukata simu na kuwa jirani mwema tu, na wazo hilo lilimpitia, ni vizuri lisemwe. "Na mimi ndiye niliyempa pipi. Ile karatasi ya kwenye lifti inanisema mimi."

Kelele za watu ziliendelea. Kisha, "Umemgusa?"

"Hapana. Leo hapana, wala siku ile hapana."

"Mpe simu."

Severin aliteremka, akaiweka simu sakafuni, akaisukuma kwa mguu wa soksi ikateleza hadi kwa mtoto, akarudi kwenye ngazi yake. Tuva aliiokota. Alisema ndiyo, akasema hapana, akasema hapana tena kwa nguvu, akasema ana baridi. Kisha akabonyeza sauti ya nje na kuirudisha simu sakafuni, katikati yao.

"Nimetoka Kista kazini, treni imesimama Liljeholmen," sauti ya Annika ilisema kutoka sakafuni. Ilikuwa sauti ya mtu anayejizuia kupiga kelele ndani ya behewa lililojaa watu. "Sikati simu. Mnanielewa? Sikati. Wewe, Severin. Una kitu cha kumfunika?"

Alivua koti, akalilaza sakafuni, akarudi. Tuva alijifunga nalo, likamfika miguuni. Akatia mikono kwenye mifuko. Na Severin akaona uso wa mtoto unabadilika, mkono unatoka polepole, na ndani yake kipande cha polkagris, mistari yake myekundu, kilichosahauliwa kwenye koti la zamani tangu Krismasi ya mwaka jana.

Mbele ya simu iliyo wazi! Severin alifungua mdomo, na kitu cha kwanza kilichokuja kwenye ulimi, alivyo mtu wa mazoea, kilikuwa kile kile cha shangazi. Akakimeza.

"Muulize mama," alisema.

"Mama," Tuva aliinamia simu, "kuna polkagris kwenye koti lake. Naweza kula?"

Severin alikuwa ameshika ukingo wa ngazi kwa mikono miwili.

"Leo Alhamisi," alisema Annika hatimaye.

"Najua."

Ilisikika pumzi ndefu, na katikati yake kitu ambacho hakikuwa kicheko wala kilio. "Kula, kipenzi. Usitafune."

Annika alifika mbio, theluji hadi magotini, akamkumbatia mtoto wake pamoja na koti lote. Alikaa hivyo muda. Kisha akamgeukia Severin, na hakumshukuru kwanza. Alimwambia kwamba hajalala vizuri tangu siku ile, kwamba alikuwa akimtazama kila mwanamume wa jengo akijiuliza, na kwamba asithubutu tena kumwambia mtoto yeyote maneno yale, yeyote, popote. Severin alisema amesikia. Alitaka kueleza habari ya shangazi na pindo la kanga, akaona hazitoki kwa Kiswidi, na pengine si wakati wake. Alisema tu kwamba kwao ni utani, na kwamba hapa si utani, na kwamba alipaswa kugonga mlango siku ya kwanza na aliogopa.

"Na mimi niliogopa," alisema Annika.

Walipanda lifti wote watatu. Annika alilibandua tangazo, akalikunja akalitia mfukoni. Utepe wa gundi ulibaki juu ya vitufe, vipande vinne vya pembeni, na upo hadi leo. Getrude alipoambiwa jioni, alimkumbatia mumewe kisha akamwita mjinga, kwa mpangilio huo.

Severin bado anafanya kazi jikoni. Haweki tena pipi kwenye koti, na akiikuta lifti ina mtoto peke yake, anapanda ngazi. Hofu ya namna ile haiishi kabisa, inapungua tu hadi mtu aweze kulala nayo. Urbain bado anasema kwamba Mungu alimtetea na kwamba asirudie kufungua kinywa.

Jumamosi iliyofuata mlango uligongwa. Alikuwa Annika, na mbele yake Tuva ameshika sahani ya vikombe vidogo vya karatasi, sirapu na krimu, rangi ya kahawia, ngumu kama kokoto. Knäck, waliyoichemsha wenyewe. Getrude aliyaona macho ya mumewe akageuka kuficha kicheko, maana alilikumbuka jino.

Tuva aliinua sahani. "Chukua," alisema.

Mkono wa Severin haukutoka kwenye paja. Mzee wa mvi, mwenye maoni yote yale, alimtazama kwanza mama wa mtoto, akangoja. Annika akatikisa kichwa kukubali, na ndipo akachukua kimoja.